Maoni Ambayo Bi Nukta Hakuyaandika

Wanafunzi walimwita Bi Nukta, naye alijua. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akifundisha uandishi katika chuo kile cha ghorofa tatu, na kila mwaka wageni walirithishwa jina hilo kabla hata hawajajua ofisi yake iko wapi. Lilitokana na kalamu yake. Ukisahau nukta mwishoni mwa sentensi, alikuwekea yeye, nene kama punje ya pilipili manga, kisha pembeni akaandika: "Umechoka? Pumzika hapa." Insha yenye utangulizi mrefu ilirudi na maneno: "Nimefungua milango saba, nyumba bado sijaiona." Watu waliohitimu zamani walikutana naye kwenye foleni ya benki wakamsomea kwa kichwa maneno aliyowaandikia wakiwa na miaka kumi na tisa.

Hakuwa mtu wa kutulia. Alifundisha akitembea kati ya madawati, alisahihisha akiwa amesimama dirishani, na hata chai aliinywa mguu mmoja ukiwa nje ya mlango. Lakini huko kulikuwa kuhangaika kwa mtu anayeipenda kazi yake. Kuhangaika kulikompata mwaka ule kulikuwa kwa aina nyingine kabisa.

Kulianza na insha. Kwanza zilipotea nukta zilizosahaulika, kisha yakapotea makosa ya herufi, kisha wakapotea wanafunzi wenyewe. Meza yake ilijaa insha mia moja na themanini, zote zimepigwa pasi, zote zinaanza na "Katika ulimwengu wa leo" na kumalizia na "Kwa kuhitimisha". Kijana ambaye wiki iliyopita alishindwa kuandika barua ya kuomba ruhusa ya siku mbili, sasa aliandika kama anahutubia bunge. Sababu haikuwa siri. Akili bandia ilikuwa imeingia kwenye simu za watu. Unaiambia unachotaka, kabla hujapiga chafya insha imetoka.

Chuo nacho hakikukaa kimya. Ofisi ya kompyuta ilipewa programu ya kukagua insha, na programu hiyo ilitoa asilimia: huyu kaandika mwenyewe, huyu kaandikiwa. Mkuu wa idara akatoa agizo kwamba anayezidi sabini jina lake liende kamati ya nidhamu, mwalimu wake akiwa ametia saini.

"Asilimia sabini ya nini hasa?" Bi Nukta alimuuliza mwalimu wa takwimu aliyechangia naye ofisi, ambaye wanafunzi walimwita Desimali.

"Ya mashaka," alijibu Desimali bila kuinua kichwa. "Lakini ukiweka namba kwenye mashaka, watu huyaheshimu."

Desimali huyohuyo ndiye aliyemfungulia mlango ambao baadaye alitamani angeuacha umefungwa. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kikimuuma. Daktari alimfunga bandeji akamwambia apunguze kuandika. Apunguze vipi, na insha zilikuwa zinamiminika? Siku moja alipoitupa kalamu mezani kwa uchungu, Desimali aligeuza kompyuta yake.

"Njoo uone. Unaibandika insha hapa. Unaiambia: toa maoni kama mwalimu mkali mwenye huruma. Umemaliza."

"Huo si ndio wizi tunaowakamatia wao?"

"Wao wanajifunza. Wewe unajua tayari."

Maneno yale yalikuwa na sura ya hoja, na mkono ulikuwa unauma. Alianza na insha tano, akazisoma na kurekebisha maoni yaliyotoka. Wiki iliyofuata hakurekebisha. Mwezi ulipokwisha alikuwa akibandika insha kumi kwa mpigo, anachapisha maoni, anayabana kwa pini nyuma ya insha na kuzirudisha. Kazi ya siku nne ikawa ya saa moja na nusu. Saa zilizobaki hakuzifaidi. Alifungua dirisha akalifunga. Alipanda hadi ghorofa ya tatu kuchukua kitu, akafika akasahau ni kitu gani. Darasani wanafunzi walimshukuru kwa maoni mazuri, naye aliitikia haraka na kubadilisha mazungumzo, kama mtu anayesifiwa nguo ya kuazima.

Katika kundi lake la mchana alikuwamo mwanafunzi aliyeitwa Mama Pacha, mwanamke anayekaribia miaka arobaini, mama wa mabinti wawili mapacha. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali na alisomea stashahada ya utawala. Alikaa karibu na mlango kwa sababu zamu yake ilianza dakika ishirini baada ya kipindi. Hakuwa msemaji. Bi Nukta alimjua zaidi kwa harufu ya sabuni kuliko kwa sauti.

Insha za muhula ule zilihusu kazi ya mikono. Zilirudishwa na maoni yake ya kuchapishwa, na wiki moja baadaye ofisi ya kompyuta ikaleta orodha ya waliozidi sabini. Majina yalikuwa kumi na moja. Mama Pacha alikuwa na themanini na nane. Bi Nukta alisita kidogo kwenye jina lile, kisha kengele ikalia, akatia saini zote kumi na moja amesimama.

Siku mbili baadaye Mama Pacha alibisha hodi ofisini. Alikuwa ameshika barua.

"Mwalimu, nimeitwa kamati ya nidhamu. Nimeisoma mara tatu nikidhani ni ya mtu mwingine."

"Kaa, tuongee."

"Nikikaa nitalia, na sikuja kulia."

Desimali alijifanya anahesabu karatasi.

"Basi niambie ukweli," Bi Nukta alisema. "Mashine ilikusaidia?"

"Mashine?" Mama Pacha alishangaa. "Mashine imeharibika tangu mwaka jana, Mwalimu. Tunafua kwa mikono. Si nimeandika humo?"

Desimali alikohoa. Bi Nukta alihisi masikio yakipata moto.

"Siyo hiyo. Nasema akili bandia. Ile ya kwenye simu."

Mama Pacha alitoa simu kwenye mkoba na kuiweka mezani. Ilikuwa simu ya kubonyeza, kioo kimefungwa kwa utepe. "Hii hapa. Kama inajua kuandika insha, basi imenificha siku zote." Kisha akatoa daftari lenye kurasa zilizovimba kwa unyevu. Insha ilikuwamo humo mara nne, kila mara ikiwa fupi na safi kuliko ile ya kwanza, maneno yamekatwa, mishale imechorwa huku na huku. Hapakuwa na haja ya programu yoyote. Hata mtu asiyejua kusoma angeona jasho.

"Na kuna jambo jingine," Mama Pacha aliendelea, akageuza karatasi iliyobanwa kwa pini. "Umeniandikia hivi: 'Mfano wa bibi yako anayeuza nyanya sokoni umenigusa, unaonyesha jinsi kazi inavyojenga utu.' Mwalimu, bibi yangu mimi sikumjua. Kwenye insha yangu hakuna nyanya wala soko. Nilidhani kosa ni langu. Nikaisoma tena insha yangu mara mbili, namtafuta huyo bibi."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Mwanamke alikuwa amesimama mbele yake, na shahidi pembeni aliyejua kila kitu.

"Nilichanganya karatasi," alisema Bi Nukta. "Insha ni nyingi."

"Sawa. Basi ile yenye maneno yangu iko kwa nani?"

"Nitaitafuta."

Mama Pacha alikusanya vitu vyake polepole. Mlangoni aligeuka. "Nilikuwa nayasubiri kweli, Mwalimu. Kazini niliwaambia wenzangu, tuna mwalimu anaandika kama anakaa na wewe mezani."

Alipoondoka, Desimali alisema chini chini, "Ungemwambia tu."

"Na wewe siku ile ungekaa tu na kompyuta yako."

Mchana ule aliisoma insha ya Mama Pacha kwa mara ya kwanza. Aliisoma akitembea, na alipofika katikati akasimama. "Shuka la aliyepona na la aliyefariki huja katika kikapu kimoja," Mama Pacha alikuwa ameandika. "Wenzangu huuliza wauguzi nani kaenda nyumbani. Mimi siulizi. Aliyepona hukunja shuka lake mwenyewe kabla ya kuondoka, hata kama hajui kukunja. Nikikuta shuka limekunjwa vibaya, nafurahi."

Bi Nukta aliisoma sehemu hiyo mara tatu. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akiwaomba wanafunzi wamwandikie kitu cha namna hiyo. Kimoja kilikuwa kimefika, kikapita mikononi mwake bila yeye kukitazama, kikarudishwa na bibi wa nyanya.

Kamati ilikuwa ikae baada ya siku tano, na siku hizo tano hazikuwa na mahali pa kukalia. Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye sebule yao alikuwa ameigeuza kiwanda. Bi Nukta alipita kutoka jikoni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni, akikanyaga vitambaa.

"Mdogo wangu, tua," dada alisema, pini zikiwa mdomoni. "Unanivurugia vipimo. Kuna nini?"

Akamweleza yote. Dada alitoa pini moja moja akizichomeka kwenye mto wake mdogo, na alipomaliza akasema, "Ngoja nielewe. Wao wanakuandikia kwa mashine, wewe unawajibu kwa mashine. Si mngeziacha hizo mashine zifundishane, nyinyi mkapumzike?"

"Dada, usinicheke."

"Sikucheki. Mteja aniletee kitambaa chake, mimi nimpe gauni la mwingine, halafu nimwambie mbona limekukaa vizuri. Utaniitaje?"

"Tapeli."

"Haya. Neno hilo umelitaja wewe, sijalitaja mimi." Akaikanyaga cherehani, ikaanza kunguruma, mazungumzo yakaishia hapo.

Jumapili asubuhi aliketi kuandika maelezo yake kwa kamati. Aliandika kwenye kompyuta, ukurasa mmoja, bila mapambo. Sentensi ya tatu ilisema: "Nilimdanganya mwanafunzi wangu." Alipomaliza, vidole vikafanya vilivyozoea kufanya: vikaibandika barua kwenye ile programu, vikaiomba inyooshe lugha kidogo.

Ikanyoosha. Ukurasa ulirudi ukiwa na adabu zote. Ile sentensi ya tatu sasa ilisema: "Kulitokea mkanganyiko katika mchakato wa utoaji wa maoni."

Jambo la kwanza alilohisi lilikuwa nafuu, na hilo ndilo lililomtisha baadaye. Ilikuwa sentensi tamu. Haikuwa na mtu ndani yake. Hapakuwa na aliyedanganya wala aliyedanganywa; mkanganyiko ulikuwa umetokea wenyewe, kama mvua. Hata uongo usingekuwa uongo. Aliinuka akaanika nguo, akarudi akaisoma tena, akaenda kumwagilia maua, akarudi. Barua ilikuwa palepale, safi, inamngoja aichapishe. Kazi yake ingebaki salama. Mama Pacha naye labda angeponea kwenye mkanganyiko huohuo, labda asingeponea.

Sentensi ya namna ile, angeiandika mwanafunzi, angeizungushia duara na kuuliza neno moja: "Nani?" Alikuwa ameliandika swali hilo maelfu ya mara. Alichukua karatasi, akafungua bandeji ili vidole vishike vizuri, akaandika kwa mkono. Ilimchukua hadi saa nane mchana, kwa maumivu na kwa sababu kila alipofika kwenye "nilimdanganya" aliinuka akazunguka meza.

Jumanne kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu. Walikuwapo mkuu wa idara, mlezi wa wanafunzi na afisa wa ofisi ya kompyuta. Mama Pacha alikuja na sare ya kazi chini ya koti, daftari mapajani. Kabla jina lake halijaitwa, Bi Nukta alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kikao hiki si chako," alisema mkuu wa idara.

"Najua. Ndiyo maana naomba kianze na mimi."

Akasoma. Alipofika kwenye sentensi ya tatu aliirudia, ili isije ikasemwa kwamba haikusikika. Alisema ni lini alianza, ni insha ngapi, na kwamba alitia saini majina kumi na moja bila kusoma insha hata moja kati ya hizo. Mwisho akageuka kabisa kwenye kiti. "Mama Pacha, karatasi yenye maneno yako haipo kwa mtu yeyote. Haikuwahi kuandikwa. Naomba radhi."

Mama Pacha hakutikisa kichwa wala hakutabasamu. Alifungua daftari, akalisukuma mezani kuelekea kwa afisa wa kompyuta. Afisa alipekua rasimu zote nne, akasafisha koo.

"Programu huwa inakosea kidogo," alisema.

"Kidogo ni nani?" aliuliza Mama Pacha.

Alifutiwa mashtaka siku hiyohiyo. Wale wengine kumi waliitwa na kuhojiwa mmoja mmoja. Saba walikiri wenyewe, watatu wakaonekana wameonewa. Bi Nukta alipewa barua ya onyo na kuvuliwa uratibu wa somo la uandishi alioushika miaka tisa. Tena aliamriwa asahihishe upya insha zote mia moja na themanini, kwa macho yake. Alizisahihisha kwa wiki tatu, mkono umefungwa, maoni mafupi kuliko ya zamani. Wapo waliompigia makofi darasani, na yupo baba mmoja aliyepiga simu chuoni akamwambia mpokea simu kwamba mwalimu yule ni mnafiki. Yote mawili yalimnyima raha kwa kiasi kilekile.

Mama Pacha aliomba kuhamia kundi la mwalimu mwingine. Alikuja kumuaga kwa heshima. "Sina ugomvi na wewe, Mwalimu. Ila nikikuandikia nitakuwa nageuka nyuma kuangalia kama unasoma." Bi Nukta alisema anaelewa. Alielewa, na ilimuuma.

Muhula mpya ulipoanza, hakuzipiga marufuku mashine. Dakika arobaini za kwanza, kila mtu aliandika kwa kalamu, simu zikiwa kwenye boksi mlangoni. Kisha kundi zima lilihamia chumba cha kompyuta, kila mmoja akaipa akili bandia aya yake iinyooshe, akachapisha zote mbili na kuzungushia duara kila kilichobadilika. Swali lilikuwa moja: imekupa nini, na imekunyang'anya nini?

Siku ya kwanza alionyesha ukutani mfano wake mwenyewe, barua ya kamati kwa sura mbili. Darasa lilicheka lilipofika kwenye mkanganyiko.

"Mwalimu," alisema kijana mmoja waliyemwita Wakili kwa kupenda mabishano, "mimi ningekuwa nakutetea, ningekushauri upeleke hii ya mashine."

"Ungenishauri vizuri. Ingenitoa mimi. Yeye je, ingemwacha wapi?"

Wakili alifikiri. "Kwenye mkanganyiko," alisema, na safari hii hata yeye hakucheka.

Haikuwa dawa ya kila kitu. Wapo walioendelea kumletea insha za kupigwa pasi, naye aliwaita mmoja mmoja kwa dakika tano wamsimulie walichoandika. Kuna mwanafunzi ambaye yeye alimshuku kimakosa, akaomba radhi tena. Kuna binti mwenye aibu aliyemfundisha jambo asilolitarajia: alikuwa ameiuliza mashine mara thelathini kwa nini sentensi yake haikuwa sawa, na ikamweleza mara thelathini. "Mimi ningechoka mara ya tatu," Bi Nukta alikiri mbele ya wote. Desimali alisema anajitafutia kazi mara mbili kwa matokeo yaleyale. Huenda. Kuna jioni alikubaliana naye kabisa, akatoka ofisini bila kuaga mtu.

Karibu na mahafali, Mama Pacha alibisha hodi. Hawakuwa wamezungumza kwa miezi saba. Hospitali ilikuwa inatafuta msimamizi wa chumba cha kufulia, na aliyeomba alitakiwa kuleta barua ya mwalimu anayemfahamu.

"Una mwalimu wako mpya," alisema Bi Nukta.

"Yule ni mzuri. Lakini hajawahi kunikosea, kwa hiyo hanijui sana." Akavuta kiti, akakaa. "Andika. Nasubiri hapahapa."

Bi Nukta aliandika kwa mkono, mwanamke yule akimtazama kila neno, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuinuka hadi alipofika kwenye saini. Mama Pacha aliipokea barua, akaisoma taratibu akifuata mistari kwa kidole. Karibu na mwisho kidole kikasimama.

"Hapa umesema nina uvumilivu," alisema. "Mimi sina uvumilivu, Mwalimu. Nina hasira, ila naifanyia kazi. Badilisha."

Bi Nukta alichukua karatasi nyingine.